Futikamba ya Wiebke

Wiebke alikuja dukani na futikamba,
mimi nilikuja na masikio.
Mtu aliyerekebisha piano miaka ishirini
hanunui injini bila kuisikiliza.

Gari lilikuwa la kijivu, kijivu cha anga ya Leer
mwezi wa Novemba, rangi ya watu wasiopenda kutazamwa.
Mwenyewe wa kwanza, daktari wa meno wa Oldenburg,
kila risiti kaihifadhi katika bahasha yake.
Mgongo mrefu, kiuno hamna,
nyuma limekatwa wima kama kabati la nguo.
Nani angedhani chini ya boneti ile
wamefungwa farasi mia tatu na kumi?

Bwana Poppinga, muuzaji, akawataja farasi.
Wiebke akafungua buti, akaingia kwa magoti,
akavuta utepe: "Mita moja na tisini, viti vikilazwa.
Selo ya Fenna itaingia. Bolle ataingia,
na mkia wake."
Poppinga akataja sekunde, sifuri hadi mia.
"Na mlango huu," Wiebke akauliza, "huinuka mpaka wapi?
Mume wangu ana kichwa."
Kweli ninacho. Kina kovu la gari lililotangulia.

Nikawasha. Nikafumba macho.
Silinda sita zikaitikia, chini kabisa, karibu na fa,
hakuna hata moja iliyochelewa.
Nilipofumbua, Wiebke ananitazama.
Yeye keshaona kabati, mimi nimekwisha kusikia kwaya.
Tukatia sahihi gari moja, watu wawili,
kila mmoja akiamini amemzidi mwenzake akili.

Miaka ikapita humo ndani.
Mchanga wa Norderney ulioapa kutotoka.
Manyoya ya Bolle kwenye kila mshono.
Mti wa Krismasi, ncha yake ikinichokoa sikio
toka Papenburg mpaka mlangoni.
Mara moja, fremu ya piano ya marehemu mwalimu wa kanisa:
chuma kitupu, gari likainama nyuma
kama mzee anayetafuta kiti, likanyamaza, likaenda.
Petroli linakunywa, sitasema uongo. Linakunywa kama limealikwa harusini.
Na tairi zake! Kwa bei ya seti moja
ningenunua baiskeli nne, na Wiebke
hunikumbusha kila zikibadilishwa, hata ninapojua.

Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema.
Usiku ule wa Mei, saa nane, wahenga walikuwa wamelala.
Onno kajikunja, kidole tumbo kimevimba,
gari la wagonjwa liko kwa mwingine, upande wa pili wa mto.
Tukalaza viti. Tukamlaza yeye, mablanketi chini,
nami nikajikunja ubavuni mwake,
mita moja na tisini, ikatutosha.
Aliyepima buti ndiye aliyeshika usukani.
Barabara kuu ilikuwa tupu, bila kikomo,
na mshale ukapanda mahali nilipokuwa nikiota kuufikisha
Jumapili asubuhi, peke yangu, kwa raha.
Miti ikawa ukuta. Taa zikawa uzi.
Unajua farasi wale walilia sauti gani?
Sijui. Mimi, mwenye masikio,
sikusikia injini. Nilisikia pumzi ya mwanangu,
na nilikuwa nazihesabu.

Leo Onno ana kovu dogo, huwaonyesha wasichana.
Bolle tumemzika nyuma ya banda.
Fenna amepata leseni juzi,
amesimama uani, ufunguo unazunguka kidoleni,
macho yake yana ule mng'ao ambao Bwana Poppinga
aliutafuta kwa mama yake bila kuuona.
"Baba, linakwenda kasi gani?"

Nikafungua kisanduku cha mbele,
nikasogeza bahasha za daktari wa meno,
nikamwekea futikamba mkononi.
"Anza nyuma," nikamwambia.